Shule za biashara zinatengeneza viongozi au zinagawa vyeti tu? Uzi mrefu kidogo, karibuni tujadili

Mleta uzi

Wakuu habari za mchana.

Hili jambo nimekaa nalo mda mrefu, leo nimeona niliweke hapa maana humu kuna wahasibu, walimu, wenye viwanda, wastaafu wa mashirika ya umma, na najua hamtaniacha nipite na hoja mbovu.

Mimi niko upande wa uzalishaji. Nilianza stoo, nikawa supavaiza wa shifti, sasa hivi nasimamia sehemu ya kiwanda yenye watu kama themanini. Katikati hapo nimesoma BCom na baadae masta ya jioni, kwaiyo asije mtu akasema naongea hivi kwa sababu sijaenda shule.

Kilichonifanya niandike ni matangazo ya kazi. Chukua nafasi yoyote ya meneja siku hizi, utakuta wanataka "shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara (MBA) itakuwa sifa ya ziada", na ile ziada ndo inayotumika kuchuja watu wote. Kazi yenyewe ni kuongoza madereva, wapakiaji na watu wa ghala. Yule supavaiza aliyekaa na hao watu miaka, anayejua nani akisema anaumwa anaumwa kweli na nani ana ugomvi na nani hawezi kupangwa nae shifti moja, huyo sivii yake haifiki hata mezani. Anachukuliwa kijana katoka fomu siksi, kasoma BBA, yaani digrii ya kwanza ya biashara, kaunganisha MBA hapohapo, hajawahi kuongoza hata watu watano, anakabidhiwa mia. Na mimi simlaumu kijana, yeye kafanya tulichomwambia afanye. Sisi ndo tulioamua kwamba cheti cha biashara ni ushahidi wa kuweza kuongoza.

Msimamo wangu ni huu: shule ya biashara inafundisha vizuri hesabu, sheria ya mikataba, mtiririko wa fedha, gharama za uzalishaji. Kuongoza watu inafundisha vibaya, isipokuwa pale ambapo anayesoma tayari ana watu wake na kesho asubuhi anarudi kwao. Yaani tatizo ni kipi kinatangulia.

Niwape mfano niliouona kwa macho. Kiwanda kimoja nilichowahi kufanya kazi (sikitaji) waliletewa meneja wa uzalishaji mpya, ana MBA nzuri tu, kichwa chepesi, prezentesheni zake hadi wakurugenzi wanapiga makofi. Akaweka bonasi kwa idadi ya katoni kwa kila laini. Kwenye karatasi haina ubaya. Wiki ya kwanza tu supavaiza wote walishajua itaishia wapi, maana mtu akilipwa kwa katoni hatasimamisha mashine ikianza kutoa mlio, na hatatoa paketi yenye mshono mbaya. Na kweli, chati ikapanda, mzigo uliorudishwa na wateja nao ukaanza kupanda nyuma yake, mashine moja ikaua beringi kwa sababu shifti ya usiku waliendelea kuisukuma. Hakuna aliyemwambia. Siyo kwamba walimchukia, ni kwamba hakuwahi kumuuliza mtu swali ambalo hakuwa na jibu lake tayari.

Bosi wa juu yake, injinia wa zamani, hakumfukuza. Alimpangia shifti ya usiku miezi mitatu, sio kama adhabu, akamwambia kaa na mafundi, usibadilishe kitu, andika tu unachokiona. Yule jamaa leo ni mmoja wa mameneja wazuri ninaowafahamu, na hesabu zake za darasani zinamsaidia kweli kwa sababu sasa anajua zinapogusa watu zinafanya nini. Elimu ile ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa haina pa kukaa.

Sasa twende nje kidogo. Harvard walianzisha shule yao ya biashara 1908 na ndo walioanza hii digrii tunayoiita MBA. Njia yao ni keisi, unapewa kurasa kadhaa za kampuni usiyoijua, unasoma usiku, asubuhi unasimama kusema ungefanya nini. Inanoa ulimi na inafundisha kuamua haraka. Lakini Henry Mintzberg, profesa wa McGill kule Canada, ambaye kazi yake yote ni menejimenti, anasema wazi kwamba ule mtindo unachukua watu wasiofaa kwa wakati usiofaa, unawapa imani kwamba unaweza kutoa uamuzi juu ya watu ambao hujawahi kukutana nao. Yeye na mwenzake Joseph Lampel walichukua orodha ya wahitimu 19 wa Harvard ambao mwaka 1990 walihesabiwa kuwa ndo nyota, wakafatilia walivyoendesha makampuni baadae. 10 walishindwa wazi, 4 rekodi zao zina mashaka, 5 tu ndo walionekana wamefanya vizuri. Hao ni nyota waliochaguliwa sio watu wa kuokoteza.

Na mnaikumbuka Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka kwa kughushi hesabu. Jeffrey Skilling aliyekuwa mkuu wake alitoka Harvard 1979 akiwa kwenye kundi la juu kabisa la darasa lake, mkuu wa fedha Andrew Fastow nae alikuwa na MBA ya Northwestern. Pale kulikuwa na utaratibu wa kuwapanga wafanyakazi kwa madaraja na wa mkiani wanatolewa. Mtu aliyeinua mkono kuandika kwamba hesabu haziko sawa alikuwa mhasibu wa humohumo, Sherron Watkins, Agosti 2001. Desemba kampuni ikafilisika.

Ila kuna utafiti ulionigusa zaidi ya Enron maana Enron ni wizi na wezi wako kila mahali. Mchumi Daron Acemoglu na wenzake waliangalia makampuni ya Marekani na Denmark, wakalinganisha yaliyopata mkuu mwenye digrii ya biashara na yasiyopata. Ndani ya miaka mitano mishahara ya wafanyakazi ilishuka kwa takriban asilimia 6 Marekani na asilimia 3 Denmark ukilinganisha na wengine. Mtu angesema sawa, labda uzalishaji uliongezeka. Hawakuona dalili ya mauzo wala uzalishaji wala uwekezaji kuongezeka. Walichofanya hao mameneja ni kuhamisha fungu kutoka kwa wafanyakazi kwenda kwa wenye hisa. Mimi naona hapo shule ilifundisha kitu, na kilieleweka vizuri sana.

Karibuni.

Mhasibu_Moro

Mkuu uzi mzuri ila umechagua mifano inayokufaa. Enron na kijana mmoja wa kiwandani haitoshi kuhukumu elimu nzima.

Chukua Equity Bank ya Kenya. Mwaka 1993 ilikuwa ni chama cha mikopo ya nyumba, imehesabiwa kuwa mufilisi na benki kuu yao. James Mwangi aliyeingia pale kuinyanyua ni mtu wa BCom ya Chuo Kikuu cha Nairobi na CPA (ile sifa ya kitaaluma ya uhasibu), mhasibu kabisa kama mimi. Huwezi kufufua taasisi ya fedha kwa kuwapenda watu tu, lazima ujue mkopo upi umekufa, akiba ya nani iko hatarini na pesa zitaisha lini. Hiyo ni shule. Baada ya hapo ndo wakaenda kuwafungulia akaunti watu wadogo ambao mabenki makubwa yalikuwa hayawataki, na mwisho wa 2004 ikawa benki kamili.

Reginald Mengi hivohivo, kabla hajawa mwenye viwanda na vyombo vya habari alikuwa mhasibu aliyesomea Scotland, amefanya kazi kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers na Lybrand. Alipoanza kuunganisha kalamu nyumbani alikuwa anajua tayari kusoma vitabu vya makampuni ya wenzake.

Watu wanapenda kumtaja Bakhresa, aliacha shule mdogo Zanzibar, akauza viazi, akafungua mgahawa, leo ni Azam. Sawa na heshima yake. Lakini kwa kila Bakhresa mmoja kuna wafanyabiashara wangapi hapa Morogoro walioacha shule, wakapata duka, duka likafa kwa sababu hawakutenganisha pesa ya duka na pesa ya nyumbani? Hao hawaandikwi. Na huyo Bakhresa mwenyewe leo ofisi zake zimejaa wahasibu na mainjinia waliosoma. Nisingependa vijana wasome uzi huu wakatoka na wazo kwamba chuo ni kupoteza mda.

Mleta uzi

Mhasibu nakubaliana nawe kwa mengi. Ila angalia mifano yako mwenyewe, Mwangi na Mengi hawakupewa watu mia kwa sababu ya cheti. Cheti kiliwapa kazi ya uhasibu, wakakaa ndani ya makampuni wakiona yanavyoanguka na yanavyosimama, uongozi ukaja juu ya hapo. Ndo mpangilio ninaousema. CPA nayo ina kitu MBA haina, inakulazimisha uwe na kipindi cha kazi chini ya mtu anayekusahihisha kabla hujaruhusiwa kusaini.

Wa_Umoja_Nairobi

Nawasalimu kutoka huku Nairobi. Mmetaja Equity wacha niongeze Safaricom, kampuni yetu ya simu. Bob Collymore hakuwa na digrii yoyote na alikuwa akilisema hadharani bila kuficha. Alikuwa CEO kutoka Novemba 2010 mpaka alipofariki Julai 2019 na watu walilia barabarani. Kabla yake Michael Joseph, injinia wa umeme, ndiye alikuwa pale M-Pesa ikianza Machi 2007. Baada yao Peter Ndegwa ana MBA ya London Business School, na kampuni inaendelea. Kwa hivyo kampuni ileile imeongozwa na mtu bila digrii, injinia na mtu wa MBA. Mimi ninachoona ni kuwa wote watatu walikuwa wamepikwa miaka mingi ndani ya makampuni makubwa kabla ya kukalia kile kiti. Collymore alianzia British Telecom akiwa kijana, akapanda, akaenda Vodafone. Huyo alikuwa na shule, ni vile tu haikuwa na sherehe ya kuvaa joho.

Na upande ule mwingine, Nakumatt. Supamaketi ilikuwa kubwa kuliko zote huku, matawi hadi Tanzania, Uganda na Rwanda. Ikafika mahali haiwezi kulipa wanaoiletea bidhaa, rafu zikabaki tupu, Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi na 2020 ikafungwa kabisa. Hapo hakuna siri ya uongozi, ni kufungua matawi kwa deni wakati pesa ya mauzo ya jana ishatumika. Hilo somo linafundishwa mwaka wa kwanza. Kujua na kufanya ni mambo mawili, hasa kama bosi hakuna mtu anaweza kumwambia hapana.

Sista wa Wodi

Jamani na sisi wa hospitali mtusikilize, maana mnaongea kama menejimenti iko kwenye makampuni tu.

Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi. Sijasoma biashara. Kilichonifundisha usimamizi ni ile 5S, utaratibu wa kupanga sehemu ya kazi, ambayo Wizara ya Afya waliileta kwa msaada wa Wajapani, hospitali ya rufaa Mbeya wakaanza mwaka 2007 na wengine tukaenda kujifunza kwao. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ukiisikia hivi unaona ni usafi tu. Nami niliona hivo. Ila ukikaa wodini na wenzako mkaanza kusasambua kabati la dawa mnagundua mambo ambayo hakuna ripoti iliyowahi kusema: dawa zilizokwisha mda zimekaa mbele, glavu ziko chumba ambacho usiku kinafungwa na ufunguo yuko nao mtu aliyeenda nyumbani. Kila mtu alikuwa anajua na kila mtu alikuwa anazunguka tatizo kwa njia yake.

Kazi ya kiongozi hapo sikupewa na cheti, nilipewa na kikao cha dakika kumi kila asubuhi ambapo mhudumu wa usafi ana haki ya kusema sawa na daktari. Mwanzoni wahudumu hawasemi kitu. Wanakuangalia kama utamgeuka wa kwanza atakayesema. Siku mhudumu mmoja aliposema ndoo za taka zinawekwa njia ya machela na ndoo zikahamishwa siku hiyohiyo, kuanzia hapo walianza kuongea. Sasa niambieni, hilo unalisomea chuo gani? Na S ya mwisho, shikilia, ndo ngumu kuliko zote. Matroni akihama tu kila kitu kinaweza kurudi nyuma ndani ya mwezi.

Ila nakiri kuna kitu nakikosa. Nikiitwa kwenye kikao cha bajeti sielewi nusu ya karatasi, na kwa sababu hiyo wodi yangu inapata kidogo kuliko inavyostahili. Hapo ndo ningependa hiyo shule yenu.

Mama Vitenge

Dada wa wodini umenena. Na mimi niongezee upande wa wajasiriamali wadogo maana semina tumezila sana.

Kuna wachumi wa Norway walifanya utafiti hapahapa Dar na wateja waliokuwa wanakopa PRIDE, taasisi ya mikopo midogo, wakishirikiana na kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengine walipewa mafunzo ya biashara, wengine hawakupewa, wakafatiliwa. Wanaume waliopata mafunzo biashara zao zilikua. Sisi wanawake elimu tuliipata, maswali tuliyajibu, lakini biashara hazikusogea vile. Wengine watasema wanawake hatuwezi. Mimi nasema mtu anajua kabisa kwamba anatakiwa kurudisha faida dukani, ila faida hiyo ndo ada na ndo kodi ya nyumba, na saa kumi na moja lazima afunge akapike. Ukimfundisha zaidi unamfundishia nini kama mikono imefungwa?

Halafu Togo, pale Lomé, wakachukua wenye biashara ndogo 1,500, wakawagawa mafungu matatu. Fungu moja hawakufundishwa. Fungu la pili wakapewa mafunzo ya kawaida ya biashara, uhasibu, masoko, hivo vyote. La tatu wakafundishwa kuanzisha jambo mwenyewe bila kusubiri, kuweka malengo, kutofautisha bidhaa yako na ya jirani, kurudi tena ukishindwa. Matokeo yalitoka 2017. Waliofundishwa kujituma faida iliongezeka asilimia 30. Wale wa mafunzo ya kawaida asilimia 11 na hata hiyo haikuwa na uhakika kitakwimu. Kwaiyo kufundishika tunafundishika, tatizo ni wanachochagua kutufundisha. Mimi semina nyingi nilizoenda zilikuwa ni mtu anasoma slaidi na kutugawia soda.

Mzee Mstaafu

Vijana wangu, nimesoma kwa makini. Nimefanya kazi katika shirika la umma tangu enzi za Mwalimu hadi lilipobinafsishwa, naomba niseme kidogo.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 nchi ilijikuta na viwanda, mabenki na maduka ya jumla bila watu wa kuyaendesha. Wazawa wenye elimu ya biashara walikuwa wachache mno. Ndiyo maana chuo cha biashara cha CBE kilikuwa kimeanzishwa 1965, kisha chuo cha fedha cha IFM na chuo cha uongozi cha IDM Mzumbe mwaka 1972. Msivibeze vyuo hivyo. Mzumbe ilitoa maofisa waliojua kuandika barua ya serikali, kutunza jalada, kuendesha kikao na kufunga hesabu.

Lakini TANU iliona mapema kwamba elimu haitoshi. Mwongozo wa 1971, kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa anaowaongoza. Wafanyakazi walikuwa na kile kijitabu mfukoni. Meneja akimtukana mtu, wanamfungulia kifungu cha kumi na tano, na migomo mingi ya miaka ile ilianzia hapo. Sababu haikuwa mshahara mara zote, mara nyingi ilikuwa lugha ya bosi. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifika hatua ya kukishika kiwanda wenyewe. Serikali haikupenda mambo yafike huko na baadaye nguvu ya Mwongozo ilififia. Mimi nilikuwa karani tu wakati ule lakini naweza kuwaambia kwamba mameneja walibadilika kwa kuogopa kifungu kile kuliko walivyobadilishwa na kozi yoyote.

Jambo la pili, msimtwike meneja kila kitu. Mashirika yetu mengi yalikufa yakiwa na mameneja waliosoma na wachapakazi. Bei ilipangwa kwingine. Fedha za kigeni za kununulia vipuri ziligawiwa kwingine. Meneja alihamishwa kutoka shirika la ngozi kwenda la vyakula kwa tangazo la redio, hajamaliza kujua majina ya wakuu wa idara. Katika hali hiyo hata angetoka Harvard angeshindwa. Alipokuja Charles Kimei kuongoza benki ya CRDB mwaka 1998 alikaa miaka ishirini. Alikuwa mchumi mwenye udaktari, ndiyo, lakini pia alipewa muda wa kuona matunda ya maamuzi yake na kulaumiwa kwa makosa yake. Vijana wengi wazuri hawapewi muda huo.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kifungu cha 15 nilisikia kwa marehemu baba ila sikujua uzito wake, na limenifanya nibadilishe kidogo ninachotaka kusema. Nilikuwa naongelea tu elimu ya meneja, kumbe kuna na upande wa aliye chini kuwa na kitu mkononi cha kumrudisha bosi kwenye mstari. Shule haiwezi kukupa hicho. Na kwenye viwanda vyetu vya sasa hakipo, mwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu hawezi kumwambia meneja kitu.

Dada wa wodini, ulichoeleza ndo kile wataalamu walichoonyesha India. Viwanda vya nguo karibu na Mumbai, walipelekewa washauri wakakaa nao ndani ya kiwanda miezi kadhaa, wakafundisha vitu vya kawaida kabisa, kupanga stoo ya nyuzi, kuandika mashine inasimama mara ngapi na kwa nini, kufagia sakafu, kukutana kila siku kuangalia kasoro. Mwaka wa kwanza tija, yaani ufanisi wa uzalishaji, ilipanda asilimia 17. Kwaiyo anayesema menejimenti haifundishiki anakosea na mimi sipo upande huo. Inafundishika, ila pale inapofanyika kazi, na wanafunzi wawe wenye kazi.

Hata Mintzberg hakuishia kulalamika. Mwaka 1996 yeye na wenzake wa nchi kadhaa walianzisha programu ambayo haimpokei mtu asiye meneja tayari. Anakuja darasani siku chache, anakaa meza moja na mameneja wengine, karibu nusu ya mda wanaongea wao kuhusu matatizo yao ya kazini, anarudi kazini, anakuja tena. Hiyo ndo ningependa nione Mzumbe, UDBS (shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), CBE, na ESAMI, ile taasisi ya menejimenti pale Arusha. Walimu tunao. Masta yangu mimi darasani tulikuwa na mkuu wa shule, afisa wa bandari, mtu wa benki, dada anayeendesha kampuni ya ulinzi. Kila mmoja alikuwa na keisi nzima kichwani mwake. Na tulifundishwa nini? Keisi ya kampuni ya Marekani ya vinywaji. Yule wa ulinzi alikuwa na walinzi zaidi ya mia mbili wanaolala njaa lindoni na alikuwa anatafuta namna ya kuwapa chakula bila kupoteza zabuni, tatizo zito la fedha na la utu kwa pamoja, tulikuja kulijua kwenye chai. Lekchara hakulijua mpaka tunamaliza. Hilo linaniuma mpaka leo, darasa lilikuwa limejaa keisi na hakuna aliyezifungua.

Kwa waajiri humu, mkitaka mtu wa kusimamia watu, muulizeni waliowahi kuwa chini yake. Siku hizi mnapigia simu mabosi wake wa zamani tu. Bosi anamwona mtu akiwa amevaa shati safi. Pigia simu fundi wake.

Kijana_BBA

Kaka zangu na wazee, shikamooni. Nimemaliza BBA mwaka jana. Nyumbani wanasema niunge MBA mda huu kabla sijaoa maana baadae sitapata nafasi. Nimepata pia kazi ya usimamizi msaidizi wa ghala Kibaha, mshahara mdogo sana, shifti. Mnanishaurije?

Mhasibu_Moro

Dogo kwa mara ya kwanza leo naungana na mleta uzi. Chukua ghala. Anza na CPA taratibu kama unaweza, moduli mojamoja, hiyo itakulisha hata ghala likifungwa.

Mleta uzi

Mdogo wangu chukua Kibaha. Waambie nyumbani MBA haijafutwa, imesogezwa mbele, na ukienda utaenda na maswali yako mwenyewe.

Ukifika, wiki za mwanzo usijifanye unajua. Jua majina ya wapakiaji wote, na majina ya kweli sio ya utani. Hesabu mzigo mwenyewe kwa mkono pamoja nao hata kama kuna mashine ya kusoma lebo, utajifunza wapi mzigo unapotea. Ukitaka kubadilisha kitu waambie kabla hujakiandika kwenye ripoti. Akitokea mtu amekuletea habari mbaya, mshukuru mbele za watu, hata kama kosa ni lako, hasa kama kosa ni lako. Na hesabu za BBA usizitupe, chukua gharama ya kila gari linalosubiri nje ya geti saa nzima, ipige kwa mwezi, mpelekee bosi wako. Wengi wa pale hawajawahi kuiona hiyo namba.

Mshahara mdogo najua unaumiza. Nitumie pm ukishaanza, nina mtu huko maeneo ya Kibaha anaendesha ghala lingine, mzee wa kazi, nitakuunganisha nae uwe na wa kumuuliza.

Sista wa Wodi

Na viatu vizuri, mdogo wangu. Shifti ya kusimama masaa kumi na mbili bila viatu vizuri haikupi hata nguvu ya kumsikiliza mtu.